Bahasha ya Shangazi Chanuo

Kama ulitaka kujua nani ana mimba, nani kaachishwa kazi na nani karudiana na mumewe kimyakimya, hukuwa na haja ya kuzunguka. Ulikwenda kwa Shangazi Chanuo, ukakaa kwenye kigoda, ukampa kisogo. Kabla mstari wa tatu haujafika shingoni ulikuwa umeshayajua ya mtaa mzima, na yako mwenyewe umeshayatoa bila kuulizwa mara mbili.

Alikuwa msusi. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na moja katika chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi viatu na duka la vipuri vya baiskeli. Ndani mlikuwa na kioo chenye ufa, mashine mbili za kukaushia nywele, moja nzima na nyingine ya kutundikia mikoba, na kigoda cha mteja mbele ya kiti chake kirefu. Jina la Chanuo alilipata kwa lile chanuo la mti, lenye meno sita, alilolichomeka kichwani mwake tangu asubuhi mpaka anapokwenda kulala. Na hicho kichwa chake ukikitazama, loo! Kichaka kitupu. Kinyozi hajinyoi.

"Mtu akikutazama machoni ana nafasi ya kukudanganya," alikuwa akisema. "Mgeuze, mshike kichwa, atakwambia hata alichomficha mama yake mzazi."

Alifanya kazi na binti wa kaka yake, mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, ambaye mtaa ulimwita Kimya. Kimya alikuwa na vidole vyepesi ajabu, ila maneno yake kwa siku ungeweza kuyahesabu kwa vidole hivyo hivyo. Jambo hilo lilimkera shangazi yake kupita kiasi. "Wewe unasuka kama mtu anayefuma mkeka," alimwambia. "Mteja anaondoka kapendeza, lakini sisi tumebaki na nini? Hatujui hata anaumwa nini!" Kimya alitabasamu, akaendelea kugawa nywele.

Nyumbani Shangazi alikuwa na mume, fundi wa kuchomelea mageti aliyestaafu, mwenye upara unaong'aa kuliko kioo cha saluni. Siku ya harusi yao wenzake walimcheka: msusi kaolewa na kipara! Akawajibu kwamba hata mpishi akifika nyumbani hataki kuona masufuria.

Basi siku ya Jumanne asubuhi kwenye kigoda alikaa mwalimu wa hesabu. Shangazi alikuwa amefika nusu ya kichwa, na nusu ya habari ya mke wa mwenye nyumba, mkono wake wa kulia ulipoanza kufa ganzi. Hakushtuka. Ganzi na wasusi ni ndugu wa tumbo moja. Ukikunja vidole siku nzima, lazima vikunune. Akaukung'uta mkono, akaendelea. Chanuo likamdondoka. Akaliokota kwa mkono wa kushoto, likamdondoka tena.

"Shangazi, pumzika," alisema Kimya.

"Nikimaliza. Hapa kichwa hakitoki nusu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Umeme ukatike, mvua iingie ndani, kichwa kilichoanzwa kinamalizwa, na anakimaliza aliyekianza. Akaendelea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukining'inia tu, akisaidia kwa meno kushika nywele. Alikwenda hivyo saa nne nzima. Saa nne, nakuambia! Na angekwenda zaidi, kama si kwamba alinyamaza.

Alinyamaza katikati ya umbea. Mke wa mwenye nyumba alikuwa ameshafungua mlango, keshaona viatu visivyo vya mumewe, halafu basi, hadithi ikakatika hapo. Mwalimu alisubiri. Kimya alisubiri. Katika miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kumwona Shangazi Chanuo akiacha viatu mlangoni bila kusema ni vya nani. Mwalimu akageuka, akamwona mdomo umekwenda upande mmoja, na jicho linamwomba msaada.

Walifika hospitali wakiwa watatu kwenye teksi, mwalimu akiwa na mistari upande mmoja na upande mwingine nywele zimesimama. Muuguzi mlangoni akamshika mwalimu mkono: "Pole mama, kaa hapa, ulianza kuchanganyikiwa lini?" Ikabidi waeleweshane.

Lakini daktari wa zamu hakuwa na mzaha. Alisema ni kiharusi, donge la damu limeziba mshipa kwenye ubongo. Akauliza kilianza lini. Kimya akataja saa. Daktari akatazama saa ya ukutani, akashusha pumzi. "Ipo dawa ya kuyeyusha donge," akasema, "lakini ina muda wake, na muda umepita. Mngekuja ule mkono ulipoanza tu." Shangazi alikuwa amelala pale, ulimi mzito kama kiatu, lakini masikio yalikuwa mazima. Alisikia.

Kwa siku mbili hakuweza kutamka neno likaeleweka. Mtaa ulipata mapumziko. Siku ya tatu ulimi ukaanza kulegea, na neno lake la kwanza lililonyooka halikuwa la kuomba maji wala la kumuita mumewe. Alikuwa ameingia daktari wa kike, kijana, mwenye miwani, amezifunga nywele zake kwa mpira wa kufungia makaratasi. Shangazi akamtazama kutoka juu hadi chini, akarudi juu.

"Nani kakufanyia hivyo?" akasema.

"Kufanya nini, mama?"

"Kichwani."

Mumewe, aliyekuwa amekaa pembeni na kofia yake magotini, akafuta machozi. "Huyo ni mke wangu," akasema. "Huyo kabisa. Amerudi."

Daktari huyo alikuwa anafanya utafiti. Alimwambia anyanyue bega la kulia. Bega likapanda kidogo. Alimwambia anyooshe vidole. Kidole gumba kikatikisika kama mtu anayeota, vingine vikalala. Akaandika. Kisha akaeleza anataka kumpiga picha ya ubongo mapema, kwenye mashine kubwa ya sumaku, na akamsomea karatasi ndefu ya makubaliano. Shangazi akaweka alama kwa mkono wa kushoto.

Vita vilizuka mlangoni mwa mashine. Fundi mitambo alisema hakuna kuingia na kitu kichwani. "Ni la mti!" alilalamika Shangazi kwa ulimi wake mzito. "Lina chuma wapi?" Hakusikilizwa. Chanuo likatolewa, mumewe akalipokea kwa mikono miwili, akakaa nalo kwenye benchi dakika arobaini huku mashine ikigonga ndani kama mafundi bati kumi.

Kesho yake daktari alimwonyesha picha kwenye kompyuta. Shangazi alikuwa ameshika vichwa vya watu maisha yake yote, na hakuwahi kujiuliza ndani mna nini. "Akili ni nywele," akanong'ona, "kumbe hata huko ndani kuna mgawo." Daktari akamwonyesha doa jeupe, dogo kama punje ya mchele.

"Hapo ni upande wa kushoto," daktari alisema. "Watu wengi wanachanganyikiwa, maana kwenye picha unaonekana kulia."

"Si umenigeuza tu ukanitazama kwa mbele? Mimi kazi yangu kioo, mwanangu. Endelea."

Daktari akacheka, akaendelea. Juu ya ubongo, alisema, inaanzia njia inayobeba amri za mkono. Njia hiyo inapita mahali pembamba katikati, inavuka upande wa pili, inashuka mgongoni mpaka vidoleni. Ndiyo maana doa la kushoto linalaza mkono wa kulia. Punje ile imekaa palepale penye wembamba. Akitazama njia imeumia kiasi gani, akijumlisha na vile bega na vidole vilivyofanya siku zile za kwanza, anaweza kukisia mkono utakuwaje baada ya miezi mitatu.

Sasa tumefika penyewe. Mkono ule ndio uliokuwa Shangazi Chanuo. Bila mkono hakuna kigoda, na bila kigoda yeye ni mke wa kipara tu, anayekaa dirishani akisubiri wengine wamletee habari zilizopoa.

"Haya," akasema. "Utasuka au hautasuka?"

"Nimeshaandika," daktari akajibu, "na nimeifungia kwenye bahasha. Itafunguliwa siku ya tisini kuanzia leo."

"Bahasha?"

"Ndivyo utafiti ulivyo. Ukiambiwa utapona sana, unaweza kubweteka. Ukiambiwa hutapona, unaweza kukata tamaa. Hata mtu atakayekufanyisha mazoezi hajui, ili asikupendelee wala asikuache. Baadaye tutalinganisha tulichoandika na kilichotokea. Uliweka alama hapa, Shangazi."

"Siku hiyo nilikuwa nusu bubu!"

"Basi unaweza kujitoa wakati wowote. Matibabu yako yataendelea vilevile, na bahasha nitakufungulia hata sasa hivi."

Mumewe akamtazama. Kimya akamtazama. Na Shangazi Chanuo, aliyewahi kumfuata mteja mpaka kituo cha basi ili apate mwisho wa habari, akageuza uso ukutani. "Sijitoi," akasema. "Nitaipata mwenyewe."

Aliogopa, ukweli ndio huo. Siri uliyoiba unaweza kuikana, ukasema labda nilisikia vibaya. Uliyopewa mkononi utaipeleka wapi?

Basi akaanza upelelezi. Kila Alhamisi alirudi kliniki, na wa kwanza kubanwa alikuwa mtu wa mazoezi, kijana mrefu ambaye wagonjwa walimbatiza Rudia, kwa kuwa hakujua neno jingine. "Rudia, Shangazi. Vizuri. Rudia." Alimsifia viatu, alimsifia sauti, alimuuliza habari za kwao. Hakupata kitu; maskini hakuwa na cha kutoa. Akahamia kwa daktari mwenyewe, akazisoma nyusi zake. Zikipanda, ana matumaini. Zikishuka, kwisha habari yetu. Alhamisi moja zilipanda mara nne na kushuka mara tano, na Shangazi hakula chakula cha mchana. Baadaye ikajulikana daktari alikuwa na mafua.

"Daktari," akamwambia Alhamisi ya tano, "hicho kichwa chako kinaninyima usingizi. Njoo saluni nikusuke."

Daktari akautazama mkono wa kulia, uliolala mapajani. "Siku utakayoweza kunisuka, Shangazi, nitakaa kwenye kigoda chako mpaka uniambie inuka."

"Umesema mwenyewe. Kuna mashahidi."

Ujanja huo haukuwa na mfano. Akimpata yule binti kwenye kigoda, kisogo mbele yake, hakuna bahasha itakayobaki imefungwa. Lakini ili amsuke lazima mkono upone, na mkono ukishapona siri ya nini tena? Kimya aliliona hilo, akafungua mdomo aseme, akaona bora anyamaze.

Mazoezi yakaanza kwa vita. Asubuhi alihamisha vifungo vya nguo kutoka kopo moja kwenda jingine kwa mkono wa kulia, mumewe akihesabu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. "Kumi na mbili! Jana ilikuwa tisa! Mama huyo!" Mchana alifunga nyuzi za sufu kwenye mguu wa meza, akajaribu kuzisuka. Lakini nyuzi si nywele; hazina kichwa, hazilalamiki. Alihitaji mtu. Kimya alikuwa saluni, watoto wa jirani walimkimbia, na mumewe, kama ujuavyo, kichwani alikuwa uwanja wa ndege.

Jumamosi moja mzee akaja kukaa mbele yake, akainua kidevu. Alikuwa hajanyoa wiki tatu.

"Juu hapafai," akasema, "lakini huku chini shamba lipo. Lima."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Halafu akalia, maana katika miaka yote ya ndoa yao mzee huyu hakuwahi kuacha ndevu hata siku mbili, alisema zinamwasha. Sasa zikaja, nyeupe, ngumu kama waya wa kusugulia sufuria, na kila baada ya chakula cha mchana alikaa pale akavutwa mpaka machozi yakamtoka. Fundi viatu alimpigia mluzi akipita. Yeye alipita, kidevu juu.

Wiki ya saba mkono uliweza kufunguka na kufumba. Ulishika kikombe, ulibeba kikapu, ulifungua mlango. Rudia alipiga makofi. Lakini ndevu zikigawanywa sehemu tatu, vidole vilikataa. Kimoja kikienda, vyote vinakwenda, kama ndugu wanaoogopa kuachana njiani. Shangazi alijaribu siku kumi mfululizo. Siku ya kumi na moja alilirusha kopo, vifungo vikatapakaa chumba kizima.

"Ni kile kichwa!" akapiga kelele. Kimya alikuwa ameleta mboga, akasimama mlangoni. "Saa nne nzima nimeng'ang'ania kichwa cha mwalimu! Ningeondoka mkono ulipoanza, ningepewa dawa. Nimeuuza mkono wangu kwa nusu ya kichwa!"

Kimya akapiga magoti, akaanza kuokota vifungo. Alipofika karibu na mguu wa shangazi yake, akasema, bila kuinua macho, "Kile kichwa nilikimalizia mimi."

"Lini?"

"Siku ileile. Kwenye benchi, nje ya wodi yako. Mwalimu alikuwa na darasa kesho yake asubuhi."

Shangazi akakaa kitandani taratibu. Miaka yote hiyo aliamini kwamba kichwa alichokianza yeye hakimaliziki bila yeye. Kumbe kilimalizwa kwenye benchi la hospitali, na mtu asiyesema, kwa muda wa kunywa chai.

"Kikatoka vizuri?" akauliza, sauti ndogo.

"Vizuri."

"Hata ule mstari wa nyuma ya sikio?"

"Hata huo."

Aliumia, na aliona afadhali, vyote kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi. Alilia kidogo. Kisha akamwomba Kimya kifungo kimoja, akakishika kwa mkono wa kulia, akakitazama. Mkono ulikishika vizuri sana. Kushika ulijua. Kilichoushinda ni kucheza nacho.

Kesho yake mzee alikaa na kidevu chake kama kawaida, akakaza meno akisubiri kuvutwa. Hakuvutwa. Alisikia vidole viwili vimembana ndevu pale penye ngozi, vimetulia kama koleo lake la zamani, na upande wa pili kitu kinapita, juu, chini, juu. Akageuza macho bila kugeuza kichwa. Wa kulia ulikuwa umeshika tu. Wa kushoto, ule ambao maisha yote ulikuwa msaidizi, ndio uliokuwa unasuka. Vibaya sana, lakini unasuka.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Shangazi alisema. "Nyamaza, usinivuruge."

Siku ya tisini ilifika Alhamisi. Asubuhi, hospitali, alipewa ubao wenye matundu tisa na vijiti tisa. Kwa mkono wa kulia aliingiza vitatu, muda ukaisha. Rudia aliandika. Daktari aliandika. Nyusi hazikupanda wala kushuka, na Shangazi hakuzitazama.

"Jioni ukitoka kazini," alimwambia daktari, "uje. Na bahasha yako."

Saa kumi na nusu daktari aliingia saluni, akavua miwani, akakaa kwenye kigoda. Mzee alikuwepo, ndevu zake zimesukwa misuko miwili na kufungwa uzi mwekundu, na mtu yeyote aliyetaka kucheka alitazamwa mpaka akaghairi. Shangazi akatoa ule mpira wa makaratasi kichwani mwa daktari kwa vidole viwili, kama anayeokota panya mfu, akautupa. Akachomoa chanuo, akagawa.

Mstari wa kwanza ulichukua dakika arobaini. Zamani ungechukua nne. Daktari alikaa kimya kama watu wote wanavyokaa kimya mwanzoni. Katikati ya mstari wa pili, shingo yake ikalegea.

"Shangazi, bahasha ipo kwenye mkoba."

"Nimeiona pembe yake ulipoingia. Inamisha kichwa."

Akainamisha. Vidole vikapita. Na kigoda kile, ambacho hakijawahi kushindwa na mtu, kikaanza kazi yake.

"Nikwambie kitu," daktari alisema, akiongea na sakafu. "Sijamwambia mtu. Kazi hii nimeifanya miaka miwili. Bahasha ikilingana na mkono, nimefaulu. Isipolingana, naonekana sijui kitu. Na mimi, kila Alhamisi ukiingia pale mlangoni, nilikuwa naomba niwe nimekosea."

Mikono ya Shangazi ikasimama. Alikuwa ameipata. Miezi mitatu ya kuwinda, na hiyo hapo, imekuja yenyewe, wala haikuhitaji kufunguliwa. Mtu haombi awe amekosea kama aliandika mema. Machozi yakamtoka, mawili yakaanguka kwenye mgawo.

"Kuna maji?" daktari akauliza.

"Mafuta ya nywele. Uliandika nini, mwanangu?"

"Kwamba mkono utashika, utabeba, utasaidia. Lakini vidole havitarudi kwenye kazi ndogondogo."

Shangazi akavuta pumzi. Aliililia ile miaka thelathini na moja, waziwazi, mbele ya wote, na mumewe akamshika bega. Kisha akajifuta kwa mkono wa kulia, hilo uliliweza.

"Hukukosea," akasema. "Picha yako imesema kweli."

Daktari akapeleka mkono kichwani, akaupapasa mstari wa kwanza, mwembamba, ulionyooka, umekaza. "Sasa huu?"

"Huo ni wa kushoto. Wa kulia umeshika tu, kama ulivyoandika. Mmeupiga picha, mmeupima, mmeutia kwenye bahasha, mmefunga. Wa kushoto nani aliuuliza?"

Daktari akacheka huku analia, mabega yakatikisika, na Shangazi akamkemea atulie asije akaharibu mgawo.

Kwenye mstari wa tano mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Kichwa kilikuwa nusu. Maneno yale ya zamani yakampanda mpaka ncha ya ulimi, na chumba kizima kilimwona anavyoyameza. Akauweka mkono mapajani. Akaondoka kwenye kiti kirefu.

"Kimya," akasema. "Njoo umalizie."

Kimya akatazama kile kiti. Hakuwahi kukikalia. Akakaa, akapokea chanuo, na vidole vyake vikaanza kwenda mbio. Shangazi akajitupa kwenye kiti cha wageni karibu na dirisha. Mstari wa sita ukapita, wa saba ukapita, na hakuna aliyesema neno. Ukimya ulimla Shangazi kuliko kiharusi. Alikuwa anajiandaa kuanzisha hadithi yoyote, hata ya paka, Kimya alipokohoa kidogo.

"Daktari."

"Naam."

"Mimi nilikuwa nakaa tu pale kliniki, kila Alhamisi, namsubiri shangazi. Nilikuwa nashangaa jambo moja." Akavuta mstari, akaukaza. "Yule Rudia anapokuja asubuhi, mbona huwa anabeba vikombe viwili vya chai mpaka ofisini kwako, na yeye mwenyewe hanywi chai?"

Shingo ya daktari ikakakamaa. Ile mashine moja iliyo nzima ya kukaushia nywele ikasikika inavuma. Shangazi Chanuo akabaki mdomo wazi: miezi mitatu anasoma nyusi, na vikombe vimempita mbele ya macho!

"Kaa sawa, mwanangu," alimwambia daktari, na akasogeza kiti chake karibu.